Jina la Sujuan Kwenye Mashine Namba Sita

Mashine namba sita ya kiwanda cha makopo cha Shangtan, mkoani Guangdong, ilikuwa na vitufe viwili, kimoja upande wa kulia na kimoja upande wa kushoto. Walioiunda walitaka mfanyakazi abonyeze vyote viwili kwa pamoja, ili mikono yote iwe mbali chuma kinaposhuka. Kwa njia hiyo mtu alitoa vifuniko elfu moja na mia mbili kwa zamu. Nyapara Luo alitaka elfu mbili na mia nne. Kwa hiyo kila asubuhi, akishamaliza uji, Xiang Yaqin alivunja kijiti cha kulia chakula, akakichomeka pembeni mwa kitufe cha kushoto kikabaki kimezama, na mkono wake wa kushoto ukawa huru kuingiza bati. Mashine zote ishirini na mbili zilikuwa na vijiti vyake. Siku za ukaguzi vilichomolewa, vikawekwa ndani ya kikombe, na jioni vikarudishwa.

Tarehe kumi na nne Machi mwaka 2006, saa tatu kasorobo asubuhi, bati moja lilikwama. Yaqin akaingiza mkono wa kushoto alivute, na mkono wa kulia, kwa mazoea yake, ukabonyeza. Chuma chenye nguvu ya tani arobaini kikashuka juu ya vidole viwili, kikapanda. Mkono ukatoka mzima. Kifuniko nacho kilitoka safi, na picha yake ya nyumba zenye theluji na farasi wanaovuta gari, kama wanunuzi wa ng'ambo walivyoitaka kwa biskuti zao za Krismasi.

Nyapara Luo alikuwa nyuma yake. "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Basi mbona umesimama? Bonyeza."

Saa hiyo hiyo, katika kijiji cha Yanwo, magharibi mwa Hunan, dada yake mkubwa Xiang Sujuan alikuwa anakamua soya iliyosagwa kwenye kitambaa, kazi aliyoifanya kila siku ili atengeneze tofu, yaani jibini la soya, ya kuuza. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kushoto vilikatika, vikadondoka kwenye ndoo ya makapi. Sujuan alifunga mkono kwa tambara. Kisha akatoa sufuria motoni, maana maziwa ya soya yakiungua harufu yake haitoki siku nzima. Halafu akaviokota vidole kabla nguruwe hajafika.

Yaqin alipoondoka kijijini mwaka 2002 alikuwa na miaka kumi na mitano, na viwanda vilitaka kumi na sita. Akachukua kitambulisho cha dada yake, aliyekuwa na ishirini. Katika Yanwo hakukuwa na nyumba ambayo haikuazima au kuazimisha kitambulisho. Mwenye umri mdogo alichukua cha mkubwa, mwenye umri mkubwa alichukua cha mdogo, aliyeachishwa kazi kwa kugoma alichukua cha binamu ambaye hajawahi kugoma. Na tangu siku mtu alipoandikwa kiwandani kwa jina lisilo lake, lolote ambalo kazi ilimtenda lilimwendea mwenye jina. Jambo hili lilijulikana Yanwo kama unavyojulikana msimu wa mvua. Mzee Tian Guangfu, ambaye hajawahi kuvuka mto, alikuwa anakohoa unga wa mawe kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye karakana ya kusaga vito huko pwani, limechukuliwa na mpwa wake. Bibi mmoja alizibika masikio yote mawili kwa kelele za vitanda vya kufumia nguo ambavyo hakuwahi kuviona. Muuguzi wa kijiji, mtu akija na jeraha, alianza kwa kuuliza swali moja: "La hapa au la kule?" Kisha ndipo akatafuta dawa.

Kwa Sujuan, miaka minne yote ya kwanza, yalikuwa mambo madogo. Mikwaruzo ya bati. Mgongo unaouma jioni, ingawa hakuinama. Usingizi uliomshika wakati wa zamu za usiku za mdogo wake, akiwa amesimama mbele ya jiwe la kusagia. Yaqin mwenyewe hakuchoka hata siku moja, na Luo alimsifu mbele ya wenzake kwa hilo.

Mchana, wakati wa chakula, Yaqin alikwenda kwenye kibanda cha simu nje ya geti, akapiga simu duka la Bibi Tian kule kijijini.

"Bibi, shikamoo. Niitie dada."

"Marahaba. Yuko hapa hapa, kaukumbatia mkono kama kuku aliyevunjika bawa. Nilijua tu utapiga. Haya, mwenyewe huyu."

"Dada. Vingapi?"

"Viwili. Cha shahada na cha kati. Wa kushoto."

"Nilikiona chuma kinashuka."

"Na mimi niliviona vinaondoka. Umekula?"

"Dada, jamani!"

"Nakuuliza, umekula? Vidole vyangu vimekwenda kazini, halafu wewe ukae na njaa?"

"Tofu utakamua vipi?"

Kwenye simu ikasikika sauti ya watoto wa Sujuan wakigombania kitu. Watoto wale wawili, na baba mkwe asiyeinuka kitandani, wote walilishwa na kile kitambaa cha kukamulia.

"Hilo ndilo ninalolifikiria," Sujuan alisema. "Vinane bado vinakamua. Lakini sita havitakamua, mdogo wangu. Litoe jina langu humo."

Usiku huo bwenini Yaqin alimweleza Kuang Shuzhen, mwanamke wa Guangxi aliyelala kitanda cha chini. Kuang alikuwa na miaka thelathini na minane na alikwisha kufukuzwa kwenye viwanda vinne, kila kimoja kwa sababu aliyoikumbuka kwa tarehe.

"Na wewe nani alikwambia uazime jina la mtu aliye hai?" Kuang alisema, akikausha nywele. "Mimi langu ni la wifi yangu marehemu. Familia haikwenda kuandikisha kifo. Nimejikata mara nane, nimeungua mara mbili, na mpaka leo hajalalamika."

"Hata kidogo?"

"Mama mkwe anasema tulipokwenda kufagia makaburi, kaburi lilikuwa limebonyea upande wa kulia. Tukaongeza udongo. Basi." Akatupa taulo. "Nenda ofisini kesho. Vifungu unavijua?"

Yaqin alivijua. Kila mtu alivijua. Kanuni za Maadili za mnunuzi zilitundikwa kwenye bwalo la chakula, ndani ya fremu ya kioo, vifungu kumi na kimoja, juu ya bomba la maji ya moto, kwa hiyo kioo kilikuwa na ukungu muda mwingi. Ilibidi zikaririwe. Aliyekariri bila kukosea alipewa sabuni ya unga, na Yaqin alikwisha kupata pakiti tatu.

Meneja Qiu alimpokea vizuri. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na ubao wenye tarakimu za kubadilishwa kwa mkono: SIKU 611 BILA AJALI. Mara ya mwisho ubao ule kurudi sifuri ilikuwa mwaka 2004, mwanamume mmoja aitwaye Deng alipoacha mkono kwenye mashine namba mbili. Deng alikuwa anatumia jina lake mwenyewe. Mnunuzi aliahirisha oda kwa miezi miwili, na Qiu bado alilizungumzia jambo lile kwa masikitiko, yaani jambo la oda.

"Kifungu cha nne," Yaqin alisema. "Mfanyakazi akiumia kazini atatibiwa na mwajiri na atalipwa fidia."

"Kabisa. Nionyeshe mkono."

Yaqin akanyoosha yote miwili. Qiu akahesabu kwa ncha ya kalamu, bila haraka.

"Kumi."

"Vya dada yangu ni vinane."

"Dada yako anafanya kazi hapa?"

"Xiang Sujuan anafanya kazi hapa."

"Na Xiang Sujuan wa hapa ana vidole kumi. Nimehesabu mwenyewe, umeniona."

"Basi niandike kwa jina langu. Mimi ni Xiang Yaqin. Nikiumia, niumie mimi."

Qiu akafunga kalamu. "Binti, mimi sijaajiri Yaqin yeyote. Akiwapo, basi aliingia hapa akiwa na miaka kumi na mitano, na kifungu cha kwanza kinakataza kuajiri watoto. Unataka tuvunje kifungu cha kwanza? Kila mwaka unanikariria vizuri, leo unataka tukivunje?"

"Basi nifute. Naacha kazi."

"Anayefutwa ni mwenye kitambulisho. Aje mwenyewe, na kitambulisho chake, atie sahihi."

"Kitambulisho mnacho nyie. Kiko kwenye kabati hilo."

"Ndiyo. Kiko salama," alisema Meneja Qiu.

Sujuan alifika Shangtan tarehe tisa Aprili, baada ya basi na treni, amevaa koti la sikukuu. Alileta kicha cha vitunguu kwa ajili ya mdogo wake, na chupa ya kioo yenye pombe kali ya mtama, ndani yake vile vidole viwili, kwa sababu muuguzi alimwambia ofisi zinapenda ushahidi. Mlinzi wa getini akamuuliza jina.

"Xiang Sujuan."

Mlinzi akapitisha kidole kwenye orodha. "Xiang Sujuan aliingia saa moja na dakika hamsini. Yuko namba sita."

"Ndiyo mimi huyo."

"Sikatai. Lakini hapa mtu haingii mara mbili bila kutoka. Mwambie atoke kwanza ndipo wewe uingie."

"Hapati ruhusa ya kutoka mpaka zamu iishe."

"Basi subiri saa mbili usiku. Kaa kwenye kivuli, dada. Na hiyo pombe usiinywe hapa."

Siku ile ilikuwa ya ukaguzi. Vijiti vilikuwa kwenye kikombe tangu alfajiri. Saa nne gari jeupe lilisimama getini, na ndani yake mlikuwa na mkaguzi Shen Ruolan, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyetumwa na mnunuzi. Walioonana naye wanasema hakuwa mtu mbaya. Hakupokea chakula cha mchana cha kiwanda, alikuja na mkate wake. Alimwona Sujuan amesimama na mkono uliofungwa, akateremsha kioo.

"Wewe ni mfanyakazi wa hapa?"

"Jina langu ndilo linalofanya kazi hapa."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi natengeneza tofu."

Mkaguzi Shen akaitazama chupa, akavitazama vidole ndani yake. "Cha shahada na cha kati," alisema.

"Vimekatwa na mashine namba sita."

"Naona. Barua yangu inaniruhusu kuhoji wafanyakazi walio ndani ya eneo la kiwanda. Wewe uko nje ya geti, na pia hufanyi kazi humu. Samahani, bibi." Akapandisha kioo. Gari likaingia.

Ndani, Yaqin alikuwa miongoni mwa kumi waliochaguliwa kuhojiwa, kwa sababu alijua vifungu. Alikaa mbele ya mkaguzi kwenye chumba cha mikutano, mlango umefungwa. Hakukariri. Alieleza kila kitu tangu mwaka 2002: kitambulisho, kijiti, bati lililokwama, ndoo ya makapi, mtu aliye nje ya geti na chupa.

Mkaguzi Shen aliandika. Alipomaliza, aliweka kalamu chini.

"Nimeliona hili kwenye kiwanda cha viatu," alisema. "Na kwenye kiwanda cha zipu, mara mbili. Kule kwenye zipu walikuwa baba na mwanawe."

"Ukaandika?"

"Ngoja nikuonyeshe fomu." Akaigeuza. "Hapa, majeruhi kazini. Nahesabu vidole vya walio kwenye orodha. Nimewahesabu watu mia nne na kumi na wawili, vidole elfu nne mia moja na ishirini. Havijapungua hata kimoja. Hapa, utambulisho wa wafanyakazi. Nikiandika kwamba wewe si Sujuan, kosa ni lako, umedanganya jina. Kiwanda kitatakiwa kukuondoa leo, na mnunuzi atakisifu kwa kukuondoa haraka. Unataka niandike hapo?"

"Jina la dada litafutwa?"

"Fomu haisemi kufuta jina. Inasema kumwondoa mtu." Akageuza ukurasa. "Inabaki sehemu ya Mengineyo. Ina mistari mitatu."

"Andika kwenye Mengineyo. Andika kwamba mikono ya dada yangu iko kwenye mashine."

Mkaguzi Shen aliandika mistari mitatu, akaijaza mpaka pembeni. Ripoti ilipotoka mwezi Mei ilikuwa imepita kwenye meza nyingine tatu, na mistari ile ilikuwa imebaki mmoja: Mfanyakazi mmoja alieleza wasiwasi kuhusu afya ya ndugu aliye kijijini, kiwanda kinashauriwa kuanzisha mpango wa ustawi wa familia. Kiwanda kilipata alama tisini na sita. Kililetewa bamba la shaba linalosema hapa ni mahali salama pa kazi, likapigiliwa misumari kwenye ukuta wa getini, juu kidogo ya pale Sujuan aliposimama.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, saa mbili na nusu usiku, orodha ya zamu ikiwa imefungwa, Yaqin alimpeleka dada yake ofisini. Meneja Qiu alifungua kabati, akakitoa kitambulisho, akakiinua chini ya taa karibu na uso wa Sujuan. Picha iliyokuwa juu yake, baada ya miaka minne ya kuitwa kila asubuhi na uso mwingine kuitikia, ilikuwa imegeuka. Macho yalikuwa ya Yaqin, na kidevu pia.

"Siye," Qiu alisema, na ni kweli, hakuwa yeye.

"Hebu tazama chupa basi," Sujuan alisema. "Hivi navyo ni vya nani?"

"Bibi, sijasema si vyako. Nasema wewe si mfanyakazi wangu. Na hata ungekuwa, kifungu cha tisa kinatutaka tuwe na wafanyakazi wa kudumu. Majina yakifutwa-futwa mnunuzi anauliza kwa nini watu wanakimbia. Msimu wa oda huwa hatufuti jina." Akarudisha kitambulisho kabatini. "Safari njema. Vitunguu vinanukia vizuri."

Asubuhi yake Yaqin alifunga virago, akatoka getini pamoja na dada yake. Hakuna aliyemzuia. Kwenye orodha hakukuwa na Yaqin wa kuzuiwa.

Kwenye treni walikaa kwenye behewa la viti vigumu, wakala mayai ya kuchemsha na pilipili za kuchacha. Yaqin alimmenyea dada yake mayai. Walizungumza habari za nyumba, za paa linalovuja, za kwamba Yaqin sasa atakamua na Sujuan atauza. Walikuwa wamekwisha kuiacha Guangdong, saa sita mchana, Sujuan aliposhika ukingo wa kiti.

"Wewe umekaa hapa," alisema.

"Niko hapa, dada. Mikono yangu hii hapa."

"Basi kuna mtu namba sita." Akafungua kiganja cha kushoto. Gumba lilikuwa limeondoka, na lilikuwa limedondoka kwenye maganda ya mayai. Mzee aliyekaa mbele yao, fundi wa mabati, akavua shali yake akampa afungie.

"La kule?" aliuliza.

"La kule," Yaqin alijibu.

"Jina langu liko Shenzhen," alisema mzee, akageukia dirisha.

Yaqin alikaa Yanwo wiki nane. Alijifunza kukamua. Alikamua vibaya, tofu yake ikawa laini mno, watu wakainunua kwa heshima. Muuguzi alikuja kila asubuhi kumtazama Sujuan kabla hajaenda kwa wengine, kwa sababu kila asubuhi kulikuwa na kitu: ukucha uliopasuka, mchubuko wa bati kwenye kiganja, mgongo uliojikunja wakati wa zamu za ziada. Aliyekuwa kwenye mashine namba sita alikuwa na haraka. Sujuan akaacha kumbeba mtoto wake mdogo. Alisema hajui ni saa ngapi mkono utaachia.

Mwanzoni mwa Juni lilifika sanduku kutoka kiwandani. Mpango wa ustawi wa familia ulikuwa umeanza, na kila nyumba yenye jina kwenye orodha ilipewa jozi ya glavu za pamba. Zilikuwa na vidole kumi. Baba mkwe alizivaa kitandani.

Kuang alipiga simu dukani kwa Bibi Tian siku ile ile.

"Yaqin? Huku mambo yamegeuka, mwenzangu. Qiu kaelewa."

"Kaelewa nini?"

"Kila kitu. Juzi walikuja watu wapya saba kuomba kazi. Nyapara anamuuliza kila mmoja, kitambulisho cha nani? Wengi wanasema changu, kwa fahari kabisa. Anawaambia nendeni mkatafute cha mtu mwingine ndipo mrudi. Wawili tu walikuwa na vya kuazima, wakaandikwa hapo hapo. Mimi Qiu kaniita ofisini, kaninywesha chai. Eti nina ndugu wengine waliokufa?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kwetu tunakufa vizuri lakini si kwa oda." Akacheka, kisha akaacha. "Jina la dada yako wamempa mama mmoja wa Guizhou. Si mbaya. Ana haraka tu, kama sote. Nikamwambia, dada, punguza, mkono huo una mwenyewe. Akanijibu, wangu nao una mwenyewe."

Jioni Yaqin alimkuta dada yake uani, ameketi mbele ya jiwe la kusagia, mkono wa kulia kwenye mpini na wa kushoto mapajani. Alimweleza kwamba anataka kurudi kwenye namba sita, kwa jina lile lile. Sujuan akamaliza kwanza kusaga bakuli zima.

"Hutapata wa kukuoa huko," alisema.

"Hata hapa sijapata."

"Utafika lini?"

"Kesho kutwa, nikipata kiti."

"Kesho kutwa," Sujuan alisema. "Basi nitaukalia mkono mpaka kesho kutwa."

Yaqin alirudi Shangtan baada ya siku mbili. Mlinzi alimfungulia geti bila kutazama orodha, maana uso wake ulikuwa kwenye kitambulisho. Kwenye mashine namba sita alimkuta mwanamke wa miaka thelathini, mfupi, anayesimama kwa mguu mmoja. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Ou Caixia.

"Wewe ndiye uliyechukua gumba," Yaqin alisema.

Caixia akaacha kubonyeza. "La dada yako?"

"La dada yangu."

"Nisamehe, dada. Mimi niliambiwa jina tu. Sikuambiwa mtu." Akainua mguu wa suruali, akaonyesha kiatu kilichojaa pamba upande wa mbele. "Jina langu anatembea nalo shemeji yangu, kiwanda cha viatu. Vidole vitatu, mwaka jana. Nikimpigia nimwambie punguza mwendo, ananiambia atapunguza."

"Anapunguza?"

"Wewe unadhani?"

Nyapara Luo akaja na daftari lake. Alimwambia Yaqin kuna nafasi kwenye namba kumi na moja, jina la mwanamume mmoja wa Sichuan, mtu imara, hajawahi kuguswa. Yaqin alisema hataki lingine ila namba sita na jina lile lile. Luo aliona ni wazimu mdogo usio na gharama. Akamhamishia Caixia kwenye namba kumi na moja, akamwambia Yaqin akariri vifungu upya kwa kuwa alikosa wiki nane, na Yaqin akavikariri pale pale vyote kumi na kimoja, mashine zikinguruma, akapewa sabuni.

Kisha akaketi. Aliingiza bati kwa ncha za vidole, akatazama, akavuta mkono, akatazama tena, ndipo akabonyeza. Wengine walikuwa wamekwisha kutoa vifuniko vitano, yeye kimoja. Luo alimsimamia.

"We, mbona unaibembeleza mashine kama mtoto mchanga?"

"Mkono si wangu, nyapara."

"Wa mtu mwingine ndio unaenda mbio! Wenzako wote si wa kwao, umewaona wanavyokimbia?"

"Nimewaona."

Luo akampunguzia chakula cha jioni, akamwongezea saa mbili. Akazimaliza. Zilipofika saa nne usiku alikwenda kwenye kibanda, akapiga duka la Bibi Tian, na Sujuan akashika simu kabla haijalia mara ya pili.

"Ni wewe uliyekuwa umekaa leo?"

"Ni mimi."

"Mgongo umeniuma sana."

"Wameniongezea saa mbili, dada. Nilikwenda polepole."

"Sawa. Mgongo sisemi kitu." Kule kwenye duka mtu akasikika akinunua chumvi. "Kesho utakuwa wewe?"

"Kesho mimi. Na kesho kutwa."

"Basi naloweka soya," Sujuan alisema.

Alikwenda nyumbani akaloweka kilo mbili, robo ya alizokuwa akiloweka zamani, kwa sababu ndicho kipimo ambacho vidole saba vinaweza kukikamua kabla ya jua kutoka.